Maziwa ya kopo, fedha au gesi? Ulinganisho kwa anayetaka kuwasaidia watoto wachanga wa makao ya Dar es Salaam

Ikifika Ramadhani, na tena mwishoni mwa mwaka, makao ya watoto hapa Dar es Salaam hupokea wageni kwa mafungu: vikundi vya akina mama, wafanyakazi wa ofisi moja, wanakwaya, familia inayomkumbuka marehemu wao. Gari linashusha mchele, unga, sukari, mafuta ya kula, sabuni na katoni za juisi. Ni sadaka njema, na watoto wakubwa hufurahi kweli. Lakini kwenye chumba cha nyuma yupo mtoto wa wiki sita, na katika vyote vilivyoshushwa hakuna hata kimoja anachoweza kumeza. Yeye anaishi kwa maziwa tu, kila baada ya saa tatu hivi, usiku na mchana.

Nimeandika kwa ajili ya mtu anayetaka kumfikia huyo wa chumba cha nyuma na hajui aanzie wapi: anunue makopo, atume fedha, apeleke mtungi wa gesi, au amtafute bibi anayelea mjukuu mtaani kwake. Nisifiche ninapoegemea. Mtoto mchanga hanufaiki na wingi wa siku moja. Anahitaji maziwa yaleyale, yaliyotengenezwa kwa maji salama, leo na kesho na mwezi ujao. Kila njia nimeipima hivyo.

Kopo namba 1, namba 2, au maziwa ya ng'ombe?

Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita na hana mama wa kumnyonyesha ana chakula kimoja: maziwa ya kopo ya watoto wachanga, yale ya tangu kuzaliwa, yenye namba 1. Watu huuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini tusinunue maziwa ya ng'ombe ambayo kwa fedha ileile yanajaza ndoo. Sababu iko mwilini mwa mtoto mwenyewe. Maziwa ya ng'ombe yana protini na madini ya chumvi mengi kuliko figo changa zinavyoweza kuhimili. Madini ya chuma ni haba, na kwa mtoto mdogo kabisa maziwa hayo yanaweza kuudhuru utumbo ukavuja damu kidogokidogo, damu ambayo huioni kwenye nepi, mpaka mtoto anaanza kupauka. Kuyazimua kwa maji na kutia sukari, kama walivyofanya wengi wa bibi zetu, hupunguza ile chumvi lakini hakuleti chuma wala vitamini. Ya mbuzi nayo yana upungufu wa vitamini ya foliki.

Rafuni kuna mtego mwingine. Maziwa ya unga ya familia, yale ya kutia kwenye chai, hukaa jirani na ya watoto wachanga, kopo linafanana na bei ni nafuu. Hayo hayawezi kushika nafasi ya namba 1 hata kidogo. Ukiona bei imekuwa rahisi ghafla, geuza kopo usome ni la nani na linaisha lini.

Mtoto akifikisha miezi sita mambo yanabadilika, na hapo ndipo wema mwingi hupotelea. Tunanunua namba 2, kisha namba 3, kwa sababu namba zinatuambia mtoto anapanda darasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 hausemi hivyo. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 asiyenyonya, unaruhusu ama maziwa ya kopo ama maziwa ya wanyama. Kuanzia mwaka mmoja unapendekeza maziwa ya wanyama, na hayo makopo ya hatua za mbele haupendekezi kabisa. Kwa hiyo mtoto wa miezi kumi na minne aliye makaoni anatosheka na maziwa ya kawaida ya pakiti yaliyochemshwa kiwandani, au maziwa freshi ya madumu yanayopita mtaani ilimradi yamechemka vizuri, pamoja na chakula cha kweli. Bei ya kopo la namba 3 ni bora umnunulie mwenzake wa miezi miwili namba 1, maana huyo hana njia nyingine.

Watoto njiti na wenye mzio wa maziwa wana makopo yao maalumu. Hayo ni ya kuandikiwa na daktari, usiyanunue kwa kukisia.

Makopo ya aina nyingi au ya aina moja?

Katika makao mojawapo upande wa Temeke nilioneshwa rafu ya maziwa. Makopo yalikuwa ya majina tofauti tofauti, kila mgeni ameleta alilolipata. Kwenye kila mfuniko mama mlezi alikuwa amebandika kipande cha plasta na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: 30, 50, 60. Kijiko cha kila kopo alikifunga kwa mpira ubavuni mwa kopo lake, kisije kikahamia kwa jirani. Zile namba ni mililita za maji kwa kijiko kimoja, kwa sababu kampuni hazilingani. Kijiko cha kopo hili ni cha maji mililita 30, cha lile ni mara mbili yake. Sasa mfikirie mlezi wa zamu ya usiku, umeme umekatika, watoto watatu wanalia kwa pamoja. Kijiko kikichanganywa na kopo lisilo lake, mtoto atakunywa maziwa mepesi yasiyomjenga, au mazito yanayomkausha maji mwilini.

Yule mama mlezi alikuwa makini. Lakini kazi ile ya plasta na mpira tulimpa sisi wageni. Kumbadilishia mtoto mwenye afya jina la maziwa kwa kawaida hakumdhuru; kinachotisha ni vipimo kugongana. Kwa hiyo kabla hujaingia dukani piga simu makaoni. Uliza wachanga wa chini ya miezi sita ni wangapi, wanatumia kopo gani kwa sasa, na limebaki la siku ngapi. Kisha nunua hilohilo, hata kama dukani wanakusifia jingine.

Mzigo wa mara moja au mchango wa kila mwezi?

Hesabu ndiyo itakayokusaidia kuamua. Makadirio yanayotumika katika lishe ya watoto wachanga ni kama kilo 20 za unga kwa miezi sita ya kwanza, yaani makopo 40 ya gramu 500, au 50 ya gramu 400, kwa mtoto mmoja. Mwezi wa kwanza kilo mbili zinatosha. Mwezi wa tano zimeshakuwa nne, na kopo la gramu 400 halizidi siku tatu. Makao yenye wachanga sita wa umri huo hufungua makopo mawili kila siku ya Mungu.

Ukilitazama hivyo, katoni moja ya makopo kumi na mawili, ambayo kwenye picha inaonekana ni mzigo mkubwa, kwa makao hayo ni siku sita. Siku ya saba mlezi anarudi palepale. Kwa upande mwingine, watu kumi wa kikundi kimoja, kila mmoja akatoa kopo moja la gramu 400 kwa mwezi, wanamlisha mtoto mmoja mkubwa wa miezi mitano bila kukatika. Kwa wanakikoba hili si jambo zito, maana tayari wanakutana na wanaandika daftari.

Kanuni za Kimataifa za mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa mbadala ya mama zimeligusa hili moja kwa moja. Zinataka taasisi inayogawa maziwa ya msaada ihakikishe yataendelea kupatikana kwa muda wote ambao watoto hao wanayahitaji, na zinasema watoaji nao waukumbuke wajibu huo. Ni miaka zaidi ya arobaini sasa, na bado tunapeleka makopo mawili siku ya kuzaliwa kwa mtoto wetu kisha hatusikiki hadi mwaka mwingine. Siwalaumu wanaofanya hivyo kwa upendo. Ninachoomba ni kwamba mwenye uwezo wa makopo kumi na mawili kwa mwaka ayagawe: moja kila mwezi, kwa makao yaleyale. Fedha ni ileile, faida kwa mtoto ni kubwa zaidi.

Mzigo wa mara moja una nafasi yake pia. Makao yanapopokea mtoto usiku, kaletwa na polisi au katoka wodi ya wazazi, yanahitaji akiba ya namba 1 ambayo haijafunguliwa. Katoni ya akiba yenye tarehe ndefu ya kuisha ni zawadi ya maana. Isiwe ile iliyoshushwa bei kwa sababu imebakiza wiki chache, kwa sababu maziwa ya akiba lazima yaweze kungoja.

Makopo au fedha?

Wengi wetu tunaamini kopo ni salama kuliko fedha kwa kuwa haliwezi kuliwa na mtu mwingine. Si kweli. Kopo lililofungwa linauzika siku hiyohiyo. Kama huna imani na makao, kupeleka bidhaa hakukulindi, na kama unayo, fedha huwapa wepesi wa kununua kinachokosekana, hata kama ni nauli ya kumkimbiza mtoto hospitali saa nane za usiku.

Basi swali la kwanza liwe juu ya makao yenyewe. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, makao ya watoto lazima yawe na leseni, na usimamizi wake uko chini ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa yako, iwe Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni au jiji lenyewe, anayajua makao yaliyosajiliwa katika eneo lake. Kumuuliza hakugharimu kitu. Ukifika makaoni, omba kuona daftari la stoo. Pale penye utaratibu utaona tarehe, makopo yaliyoingia, yaliyotoka na sahihi, na hawatachukia kuulizwa. Fedha itume kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la makao, si ya mtu binafsi, na udai risiti.

Njia ninayoipenda iko katikati: kikundi kinakubaliana na duka la dawa, kinalipia makopo ya mwezi, makao yanachukua kadiri yanavyohitaji na kutia sahihi. Waulize pia wauzaji wa jumla wa Kariakoo kama wanakubali utaratibu huo kwa mteja wa kudumu. Maziwa hayarundikani kwenye stoo yenye joto, na mtoto akivuka miezi sita salio lake linahamia kwa mwingine.

Kopo moja zaidi, au gesi, maji na vikombe?

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mambo haya wageni huwa hawayafikirii.

Unga wa maziwa ya kopo hautoki kiwandani ukiwa hauna vijidudu kabisa. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) wa mwaka 2007 unataka maji ya kuchanganyia yasipungue nyuzi joto 70: unachemsha, unaacha yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, unachanganya, kisha unapoza chupa au kikombe kwenye beseni la maji baridi kabla ya kumpa mtoto. Yaliyobaki baada ya saa mbili yanamwagwa. Watoto sita wanaokunywa mara nane kwa siku ni milo 48. Ukiongeza kuchemsha vyombo, utaona kwa nini mtungi wa gesi unaisha haraka, na kwa nini siku gesi ilipoisha mtu anashawishika kutumia maji ya uvuguvugu yaliyolala kwenye jagi tangu asubuhi.

Kwa hiyo makao yenye makopo ya kutosha lakini jiko linalolegalega, usiyaongezee kopo. Lipia gesi. Nunua flaski mbili nzuri zinazotunza joto, ziwasaidie walezi wa usiku. Nunua sufuria kubwa yenye mfuniko ambayo ni ya vyombo vya watoto peke yake.

Maji nayo uyaulizie, tena kwa undani. Sehemu nyingi za jiji letu zinategemea visima, na visima vingine vya Dar ni vya maji ya chumvi. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi. Maziwa ya kopo tayari yamepimwa madini yake, sasa ukiyachanganya na maji ya chumvi unazirudishia figo za mtoto mzigo uleule tulioukimbia kwenye maziwa ya ng'ombe. Makao yaliyo juu ya kisima cha chumvi yanahitaji maji ya bomba au maji ya kununua kwa ajili ya wachanga, na mtu anayelipia madumu hayo kila wiki ametoa sehemu ya maziwa kama aliyenunua kopo.

Kuhusu chupa na vikombe, mimi ni wa vikombe. Chupa ina pembe na chuchu ambazo uchafu hujificha, na isipochemshwa vizuri inaleta kuhara. Kikombe kidogo kisicho na mdomo wa kubana kinaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, unakiona ndani chote. Hata mtoto wa siku chache anaweza kulamba maziwa kwenye ukingo wa kikombe akipakatwa wima. Na lazima apakatwe; hapo kuna faida ya pili, kwa kuwa kikombe hakiwezi kuegemezwa kwenye mto mtoto akaachwa anywe peke yake, jambo linaloweza kumpalia. Kazi hii inachukua muda na inahitaji mikono. Ukiwa na saa mbili za Jumamosi kuliko fedha, waulize kama wanakubali wasaidizi waliofundishwa, angalau wa kuosha na kuchemsha vyombo.

Unga wa lishe

Baada ya miezi sita uji unaingia, na mifuko ya unga wa lishe ni zawadi inayopendwa. Haraka tu: wingi wa nafaka kwenye mfuko mmoja si ubora. Mahindi na karanga vilivyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mfuko wenye nafaka nane umekupa milango mingi ya kuiingiza. Unga mmoja safi, wa ulezi au mahindi, kisha dagaa waliosagwa, yai, maini, maharage yaliyopondwa, mboga na tunda pembeni, unamfaa mtoto zaidi. Asali isimguse mtoto chini ya mwaka mmoja.

Mtoto wa miezi sita na kuendelea ambaye mzingo wa mkono wake, sehemu ya juu ya kiwiko, uko chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali. Huyo msaada wake ni usafiri wa kumfikisha hospitali ambako chakula dawa hutolewa kwa utaratibu wake. Kumnunulia unga mwingine ni kumchelewesha.

Makao, au nyumbani kwa bibi?

Swali hili nimeliacha nyuma ingawa kwangu ndilo zito kuliko yote. Si kila mchanga aliye makaoni amepoteza kila mtu. Wapo ambao mama alifariki wakati wa kujifungua, baba yupo, bibi yupo, shangazi yupo. Walimleta kwa sababu waliuliza bei ya kopo wakapiga hesabu kama tuliyopiga hapo juu. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala wa mwaka 2009 unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake, na kwamba walio chini ya miaka mitatu walelewe ndani ya familia. Hapo utaona kopo moja linaweza kufanya kazi mbili tofauti: makaoni linamlisha mtoto, kwa bibi linamlisha na kumzuia asiondolewe nyumbani.

Nyumbani mtoto anapakatwa na mtu mmoja anayemjua kwa harufu. Makaoni walezi hupokezana zamu, na hata mwenye huruma kubwa ana mikono miwili tu. Lakini nyumbani kuna hatari zake. Bibi asiye na uhakika wa kopo lijalo atazimua maziwa ili yafike mwisho wa mwezi. Mtoto ataonekana ameshiba huku anadhoofu, na maji yakizidi sana anaweza kupata degedege. Wajukuu wengine nao wana njaa na kopo liko palepale. Kwa hiyo ukichagua nyumbani, lipa maziwa yote, usilipe nusu, na uongeze kitu kwa ajili ya chungu cha familia. Ukiweza makopo ya nusu mwezi tu, yapeleke makaoni ambako wengine watajaziliza.

Kabla ya kopo, familia iulizwe kama yupo ndugu anayenyonyesha. Shangazi aliyepimwa virusi vya Ukimwi akaonekana yuko salama, na aliye tayari, anaweza kumpa mtoto kitu ambacho hakuna duka linalokiuza. Kwa familia za Kiislamu unyonyeshaji huo unajenga undugu wa kunyonya pamoja na masharti yake ya ndoa baadaye, basi wazee wakae na shehe wao waelewane mapema. Na pale mama yupo hai na ananyonyesha, hata kama ana shida kubwa, usimpelekee kopo. Mpelekee yeye chakula, maana kopo litapunguza kunyonya na maziwa yake yatakauka.

Namna ya kumpata bibi wa namna hii ni kupitia muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu nawe, au afisa ustawi wa jamii wa kata. Wanawajua, na watakuambia nani anasaidiwa na nani hana mtu. Mwanzo wa mwezi peleka makopo ya mwezi mzima ya aina moja, flaski na vikombe viwili, na umwoneshe kufuta kijiko kwa mgongo wa kisu bila kushindilia. Mwisho wa mwezi omba kuona kadi ya kliniki. Uzito ukiwa unapanda, mwezi ujao ongeza makopo kulingana na umri. Ukiwa umesimama, mtoto aonwe na daktari kabla hamjafikiria kubadili maziwa.